Trei Mbili za Juu

Stima ilipotea Alhamisi saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Ruiru ya mwezi huo inajulikana. Nilisikia transfoma ya nguzo ya kona ikilipuka, mlio mmoja mkavu, halafu feni ya mashine yangu ya kutotolesha vifaranga ikapunguza mwendo na kusimama.

Ndani ya mashine kulikuwa na mayai mia sita na kumi na mawili ya Emmah wa Kalimoni. Yalikuwa siku ya kumi na tisa. Yai la kuku huanguliwa siku ya ishirini na moja.

Nina miaka kumi na miwili katika kazi hii na nimeshapoteza mayai ya watu. Ukipoteza unalipa, mwenye mayai anakusema sokoni mwezi mmoja, halafu anarudi. Haya ya Emmah hayangelipika. Kuku wake ni wa kienyeji, ukoo mmoja tangu mama yake, weusi wenye miguu ya manjano, wanaotaga wakati kuku wa wengine wameacha kutaga. Aliniletea mayai, na siku ya nne wezi wakaja na pikapu, wakabeba kuku mia na ishirini pamoja na majogoo. Asubuhi yake alinipigia simu. Hakulia. Aliniambia, "Baba Shiro, kuku wangu sasa wako kwako. Hakuna wengine."

Kwa hivyo stima ilipopotea sikufikiria bei. Nilifikiria hilo neno.

Mke wangu Magdalene alitoka jikoni akifuta mikono, akaniuliza jenereta iko wapi. Alijua iko wapi. Niliiuza mwaka jana, wiki ile nilipoleta gari.

Wacha niseme habari ya gari, kwa sababu watu huniuliza mpaka leo kama lilistahili pesa zake. Ni haibridi ya kuchomeka. Lina injini ya petroli na pia lina betri kubwa unayoichaji kwa stima ya nyumbani. Lilitoka Japani likiwa na miaka saba. Tuliuza ploti ya Murera tuliyonunua pamoja, mimi na Magdalene, ploti ambayo leo ina majirani wa ghorofa kila upande. Aliyeniuzia gari alinionyesha soketi iliyo nyuma, karibu na buti, akaniambia stima ikipotea gari linawasha nyumba. Nikarudi nyumbani nikauza jenereta kwa elfu kumi na nane nikijiona mjanja.

Magdalene hakupiga kelele. Alichukua kalamu. Kuchaji mara moja kulikula tokeni za stima za karibu shilingi mia tatu, na betri ilikuwa imechoka, kwa hivyo chaji hiyo ilinifikisha Thika tu. Kurudi ilikuwa petroli. Kwa kila chaji niliokoa kama mia na ishirini, na nilichaji kama mara mia tatu kwa mwaka. Gari la aina hiyo hiyo lisilo la kuchomeka lingepungua bei kwa laki sita. Akapiga hesabu, akanisukumia karatasi na kusema miaka kumi na saba. Akauliza betri iliyokufa nusu itafika miaka kumi na saba kwa miguu ya nani. Sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu hununa.

Sasa Alhamisi hiyo nilikuwa na jibu. Nilirudisha gari kinyumenyume hadi dirisha la chumba cha mashine, nikachomeka waya kwenye soketi ya nyuma, nikaupitisha dirishani. Nilikuwa nimechaji simu kwenye soketi hiyo mara nyingi bila shida, na kwangu stima ilikuwa stima. Nikawasha. Namba nyekundu za mashine zikawaka: thelathini na saba nukta sita, joto lenyewe hasa. Nikasikia mlio wa feni. Nikafunga mlango wa mashine vizuri, nikamwangalia Magdalene.

Emmah alipiga simu saa hiyo hiyo. Alikuwa amesikia Ruiru hakuna stima. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, gari linafanya kazi. Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Tulikaa saa nzima hivyo. Mimi nikanywa chai. Magdalene ndiye aliyeingia chumbani, akasimama, akasema mlio wa feni si ule wa kila siku. Nikamwambia aache kutafuta makosa. Alifungua mlango, akaingiza mkono trei ya juu kabisa, akautoa haraka. Akaingiza trei ya chini.

"Huku kunapika," akasema. "Na huku ni kama maiti. Gachau, kuja hapa."

Niliinama nikaangalia feni. Ilikuwa inanguruma na kutetemeka mahali pamoja. Haikuwa imezunguka hata mara moja.

Mayai ya siku ya kumi na tisa si mawe. Ndani kuna kifaranga mzima anayepumua na kutoa joto lake mwenyewe. Bila feni joto lote hupanda juu na kukwama huko, na hewa inaisha. Kipimo cha mashine kiko katikati, kwa hivyo kilikuwa kinanionyesha namba nzuri wakati trei mbili za juu zinaiva na zile za chini zinapoa. Kama ningeacha mlango wazi tangu mwanzo na kufunika trei kwa blanketi, zingepoa zote polepole na pengine hakuna kifaranga ambaye angekufa. Niliufunga mimi. Niliufunga vizuri.

Nilikimbia kwa jirani, Gachanja, mwenye jenereta. Mtoto wake akaniambia jenereta imeenda matanga. Alhamisi ni siku ya mazishi, na jenereta zote za mtaa wetu huwa makaburini zikisukuma spika. Nilijua hilo kabla sijabisha.

Nikampigia Tarlochan wa Thika, mzee wa Kisingasinga anayesuka upya nyaya za mota za viwanda, ambaye amenitengenezea feni tangu nianze. Nilimweleza haraka. Akaniuliza gari limetoka nchi gani. Nikasema Japani.

"Stima ya Japani ni volti mia," akasema. "Yetu ni mia mbili na arobaini. Simu yako haijali, inakula zote mbili. Feni itaomba maji kama mzee. Nani alikuambia uchomeke?"

Nilimwambia hakuna aliyeniambia.

"Kuja na gari. Pesa wacha, kuja kwanza."

Magdalene alikuwa tayari ameweka sufuria mbili za maji kwenye gesi. Alisema atajaza maji moto kwenye mitungi ya lita tano na kuiweka chini ya mashine, na mlango utakaa wazi kiganja kimoja. Aliniambia niende na niache kusimama hapo. Ilikuwa saa tano na robo.

Kutoka kwetu Gatong'ora hadi viwandani Thika ni nusu saa barabara ikiwa nzuri. Haikuwa nzuri. Karibu na Juja lori lilikuwa limelala upande, na tulitambaa. Gari langu katika foleni halitoi sauti yoyote, injini imezimwa, unakaa tu kama uko kanisani. Ilikuwa sifa niliyowatangazia watu. Siku hiyo ningependa kelele, chochote cha kunifunika masikio. Nilikuwa nikisikia dakika zinavyopita, na nilikuwa najua kitu ambacho Emmah hakujua. Alikuwa nyumbani kwake akiamini maneno yangu.

Tarlochan alikuwa amenisubiri mlangoni, glovu mkononi. Hakuwa na transfoma ya kupandisha volti. Alikuwa na ya kushusha, pipa la chuma zito kama gunia la saruji nusu, mali ya mwanamke anayeitwa Nafuna anayefuma masweta ya shule kwa mashine ya Japani. Kwake Nafuna inashusha stima yetu hadi mia ili mashine isiungue. Tarlochan alisema ukiigeuza, ukiingiza mia upande huu, upande ule unatoka mia mbili na zaidi. Lakini si yake. Nafuna alikuwa anakuja kuichukua saa nane, maana shule zilikuwa zinasubiri masweta.

Alimpigia. Nilisikia upande wa Tarlochan peke yake, na upande huo ulikuwa mfupi mno. Mwishowe akanipa simu. Nafuna aliniuliza mayai ni ya nani. Nikasema si yangu. Akauliza kama mwenyewe anajua. Nikasema bado. Akasema nirudishe kesho saa mbili asubuhi na si saa mbili na dakika moja, akakata.

Tarlochan aliandika kwa chaki upande wa gari na upande wa mashine. Akaniambia nikikosea upande nitapata volti arobaini, hata balbu haitawaka, halafu nitamlaumu yeye. Tulibeba wawili hadi kwenye buti. Nilipotaka kumshukuru alisema, "Gachau, gari si jinga. Wewe hukuuliza," na akarudi kwa mota zake.

Nilifika nyumbani saa saba kasorobo. Pikipiki ilikuwa imesimama langoni na nilijua ni nani kabla sijashuka.

Emmah alikuwa chumba cha mashine akiwa amevaa koti na kofia ya sufu, ameshika yai sikioni. Magdalene alikuwa amepiga magoti akibadilisha mitungi ya maji, nywele zimemlowa jasho kwenye baridi ile. Hakuna aliyenisalimia. Nilishusha transfoma, nikaangalia chaki mara tatu, nikachomeka. Feni ilishtuka, ikazunguka. Niliisikia ikishika mwendo wake wa kweli. Nilisubiri hadi hewa ikasawazika juu na chini, ndipo nikafunga mlango.

Emmah alikuwa amerudisha lile yai kabla sijaufunga. Halafu akaniangalia.

"Uliniambia gari linafanya kazi."

Ningeweza kumwambia ni stima ya serikali. Ningeweza kusema vifaranga wengine hufa tu, na hangejua. Mayai yaliyokufa hayasemi yalikufa saa ngapi. Magdalene alikuwa ameacha kupangusa maji yaliyomwagika sakafuni. Hakuniangalia, lakini mkono wake ulikuwa umesimama.

"Halikuwa linafanya kazi," nikasema. "Nilifunga mlango feni ikiwa imesimama, nikaenda kunywa chai. Trei mbili za juu nimezipika. Ni mimi, si stima."

"Trei mbili ni mayai mangapi?"

"Mia moja sabini na sita."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nje injini ya gari iliwaka yenyewe, betri ilikuwa imeshuka na sasa gari lilikuwa linachoma petroli kutengeneza stima. Sisi watatu tulilisikiliza.

"Hiyo sauti," Emmah akasema, "ni jenereta ya milioni ngapi?"

Magdalene alicheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, na Emmah naye akacheka kidogo, bila furaha. Mimi sikucheka. Lakini alikuwa amesema kweli, na ukiniuliza leo nitakuambia vile vile. Kama unaendesha mwendo mfupi kila siku, una stima yako ya uhakika na hukuuza ardhi, nunua gari hili. Kama unataka kitu cha kukuokoa siku mbaya, jenereta ndogo ni elfu thelathini, na unabaki na ploti.

Stima ilirudi saa moja jioni. Ijumaa saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Tarlochan na transfoma, nikamkuta Nafuna amefika kabla yangu.

Emmah hakurudi kwake siku hizo mbili. Alilala kwenye kochi letu, akila kidogo, akienda kusikiliza mlango wa mashine kila mara. Jumamosi alfajiri ganda la yai la kwanza lilipasuka trei ya nne. Kufikia saa nane mchana tulikuwa tumetoa vifaranga wote. Magdalene alihesabu, mimi nikapanga kwenye maboksi, Emmah akaandika. Trei za chini zilitoa mia tatu thelathini na moja. Zile mbili za juu zilitoa kumi na mmoja.

Nilivunja mayai ya juu mbele yake, moja moja, kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanywa. Mwenye mayai ana haki ya kuona. Walikuwa wamekamilika, manyoya na kucha, miguu tayari ya manjano. Aliangalia hadi la mwisho. Nikamwambia nitamlipa kuku wakubwa, wangu, wazuri wanaotaga.

"Kuku wako sitaki," akasema. "Hawa wakitaga, utatotolesha bure mpaka nifikishe mia na ishirini wa kutaga. Na jenereta utanunua kwanza. Sileti yai moja hapa kabla sijaiona kwa macho."

Nilimpa mkono. Aliushika.

Nilimpeleka Kalimoni kwa gari. Alikaa nyuma na maboksi, joto limewashwa, betri imejaa. Njia nzima gari halikutoa sauti na vifaranga walipiga kelele kama soko. Tulipofika alifungua boksi moja baada ya lingine uani, akihesabu upya kwa kidole. Kwenye la tatu alikuta mmoja amekufa, amelaliwa na wenzake. Alimtoa, akamweka kando juu ya nyasi, akaniangalia kidogo.

Kisha akainama na kuendelea kuhesabu, akianza tena na moja.