Siku Damaris Alipoiondoa Kesi

Damaris aliingia mahakama ya mwanzo akiwa na hakika ya kushinda. Tangu biashara ya mpakani ilipofunguliwa kwa watu binafsi, alikuwa akivuka kwenda Karonga, nchi jirani, na kurudi na vitenge, na nyumba yake pale Njisi aliiezeka bati bila msaada wa mwanamume. Mwaka huo wa 1994 alidai kitu kimoja tu: binti yake, Ipyana.

Yeye na Reubeni, mkulima wa mpunga na kakao wa Ngana, walikuwa wametengana miaka mitatu. Pasaka Reubeni alimchukua mtoto kwenda kumsalimia bibi yake, asimrudishe. "Ametimiza miaka saba," alituma salamu. "Kwa mila, sasa ni wa ukoo wa baba."

Ipyana alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoshika mifupa kwa maumivu. Kwa hiyo ugomvi wao ulikuwa na meno. Upande wa Reubeni ulisema mama anamwacha mgonjwa akifuata vitenge. Damaris alisema Ngana mtoto anaogeshwa maji ya baridi ya mto. Kila mara Ipyana alipougua, mmoja wao alipata ushahidi.

"Mtoto yuko wapi leo?" aliuliza hakimu Hezroni.

"Nyumbani kwa mama yangu, mheshimiwa," alijibu Reubeni. "Mzima kabisa."

Alipopita mbele ya Damaris kurudi kwenye benchi, mikono yake ilinukia mafuta ya karafuu. Damaris aliijua harufu ile. Yalikuwa mafuta ya kumkanda Ipyana magoti usiku kucha anapolia.

Alisimama bila kuitwa.

"Baba Ipyana, ameanza lini kuumwa?"

Reubeni alificha mikono nyuma.

"Nimekuuliza. Ameanza lini?"

"Juzi," Reubeni alisema kwa sauti ndogo. "Na homa."

"Na hospitali?"

"Ningempeleka ungesema nimeshindwa kumtunza. Ungemchukulia kitandani pale pale."

Wazee wa baraza, walioketi kando ya hakimu, walitikisa vichwa. Hapo Damaris alijua kesi ni yake. Alichohitaji ni kukaa tu, amwache hakimu aandike. Lakini akakumbuka Februari, Ipyana alipoumwa siku nne naye akawakataza majirani kumwambia baba yake. Kwa sababu hiyo hiyo.

"Mheshimiwa, naiondoa kesi yangu," alisema. "Tunamfuata mtoto."

"Ukiiondoa, mama, huna amri yoyote mkononi," hakimu alimwonya.

"Najua."

Walipata pikapu ya mnunuzi wa kakao aliyekuwa akielekea Ngana, wakakaa nyuma juu ya magunia matupu. Bibi Felista, mama yake Reubeni, aliwatokea mlangoni na kuunyoosha mkono wake kuziba njia.

"Huyu amekuja kumwiba mjukuu wangu."

"Mwaghonile, mama," Damaris alimsalimu akipiga goti, kama alivyomsalimu siku alipoolewa. "Twende wote. Wewe ndiye utakayempakata. Kama nitamwiba, utaniona."

Mkono ulishuka. Ipyana alikuwa amejikunja chini ya blanketi, viganja vyake vyeupe kama unga.

Hospitalini mganga alisema malaria imemkuta mtoto na damu kidogo. Aongezwe mara moja. Damu ya Reubeni ndiyo iliyolingana na ya mtoto. Bibi Felista alianza kunung'unika kwamba ugonjwa wenyewe umetoka kwa mama.

"Umetoka kwetu wote wawili, mama," Reubeni alisema, huku akikunja mkono wa shati. "Waliniambia hapa hapa miaka mitano iliyopita. Mimi ndiye sikukwambia."

Damaris hakutarajia kwamba angewahi kuyasikia maneno hayo. Alikaa akashika mguu wa binti yake, akalia kidogo.

Siku ya tatu Ipyana aliomba uji wa ndizi. Siku ya saba wazazi wake walirudi kwa hakimu pamoja, na mapatano waliyokwisha kuyakubali. Siku za shule mtoto angekaa Njisi, likizo Ngana. Akiugua, aliye naye angempeleka hospitali kwanza, kisha amwarifu mwenzake siku ile ile; na ugonjwa wake usingetumiwa kamwe kumnyang'anya yeyote mtoto.

"Na mmoja akivunja?" aliuliza hakimu.

"Hatavunja," alisema Damaris.

Likizo iliyofuata, mtoto akiwa Ngana, Damaris alifikiwa sokoni Karonga na salamu: Ipyana amelazwa, baba yake yuko naye. Alimkabidhi jirani vitenge vyake, akavuka daraja la Songwe kwa miguu. Alipofika wodini alimkuta Reubeni ameketi ukingoni mwa kitanda, anamnywesha mtoto maji kwa kijiko.

"Ndaga," Damaris alimshukuru. "Sasa kalale wewe. Nipo."