Kamera Tatu Juu ya Kaunta

Mama Milcah wa mlango wa pili, pale Woodley, anaapa kwamba kamera ya Gerishon, mpiga picha wa harusi, iliuawa na mbuzi.

Anavyosimulia yeye, ilikuwa ntheo, sherehe ya ndoa ya Kikamba, ya binti wa dada yake huko Makueni, na mbuzi wameshaletwa, maana bila mbuzi wa ntheo hakuna Mkamba atakayekubali kwamba umeoa. Wageni wamezuiwa langoni kwa nyimbo, wamefunguliwa, wamekunywa uji, wazee wamesimama na kisu. Gerishon, suti ya kijivu na kamera mkononi, anachukua video kama mtu aliyetumwa na serikali. Basi mbuzi akainua kichwa. Akamtazama Gerishon. Kisha akaitazama kamera, jicho kwa jicho, na kamera ikafa papo hapo, kioo cheusi tii. Kuja kuiwasha, mbuzi ni supu. Mpaka leo ndoa ile ina video ya watu wakiimba langoni na video ya watu wakitafuna, na katikati hakuna kitu.

"Mnyama anajua siku yake," humalizia Mama Milcah. "Hakutaka kuonwa."

Munyiva, jirani yake, alikuwepo. Alikuwa akipitisha vikombe vya uji, na mpitisha uji huona mengi kwa kuwa hakuna anayemwona yeye. Alimwona Gerishon akibonyeza kitufe chekundu wimbo wa kwanza ulipoanza langoni, wala hakukigusa tena. Aliona jua la saa sita likiipiga kamera kichwani. Aliona pia saa ya ukutani barazani: kutoka wimbo ule hadi mbuzi kuinua kichwa ilipita kama nusu saa. Hakumsahihisha, maana Mama Milcah humnyang'anyi mbuzi wake hivi hivi. Lakini ile nusu saa aliiweka akilini, na Ijumaa hii ndiyo iliyomfanya apande ngazi za duka la kamera, River Road.

Munyiva anafua na kupiga pasi kwa Fatema, kule Muthangari, mwaka wa sita sasa. Shule yake iliishia darasa la nane, lakini picha alijifunza mwenyewe kwa simu, akisubiri mwanga uingie dirishani, akisubiri watu wamsahau. Jumapili binti wa Fatema anapakwa hina. Chumba hicho mwanamume haingii, hata awe kaka wa bibi harusi. Shungi zinavuliwa, mashangazi wanacheza, na mpiga picha wa kiume anabaki sebuleni na soda yake. Kazi hiyo Munyiva aliiomba yeye.

"Nakuamini, Munyiva," Fatema alikuwa amemwambia Alhamisi. "Lakini simu hapana. Mashangazi watasema nimeleta mtu wa mtandao. Nunua hiyo kamera unayoiimba kila siku, na kesho kabla ya saa kumi na mbili uniletee kitu ulichochukua nayo. Kitu cha wanawake, wakiwa kama wanawake. Nikikosa, nampigia yule msichana wa studio."

Mgao wa chama ulikuwa kibindoni. Ulitosha kununua mara moja, si mara mbili. Mama Milcah alikuja naye ili, kwa maneno yake, mtoto wa watu asiuziwe pasi.

Duka la Bhagwanji liko ghorofa ya kwanza, juu ya mchonga mihuri. Bhagwanji mwenyewe alishaaga dunia; jina limebaki kwenye kibao na mjukuu wake, Sachin, ndiye anayeuza. Mama yake Sachin, Kailash, hukaa kwenye kigoda kando ya kaunta, shali kichwani, akidarizi.

"Karibu sister. Ni picha ama ni video?"

"Zote mbili. Chumba kidogo, wanawake wengi, taa hafifu. Na sitaki waione."

"Basi wachana na zile kubwa za sensa nzima, ile sahani ya ndani inashika mwanga. Chukua hizi ndogo, sensa imekatwa kidogo, kile kioo cha ndani pia kimetolewa. Inaingia kwa kibeti na picha bado ni moto."

"Imekatwa?" Mama Milcah akaegemea kaunta. "Kwani tumekuja kununua kitu nusu?"

"Mathe, hata mandazi ukikata bado ni mandazi."

"Bei nayo umeikata?"

Sachin akacheka, akapanga tatu. Ya kwanza nyeusi, imara, ya kujaa mkononi. Ya pili ya rangi ya fedha, imeng'aa kama kikombe cha mashindano, kioo chake kikigeuka kila upande. Ya tatu ilikuwa toleo la zamani kidogo, ndogo kuliko zote, na lenzi yake bapa kama kifuniko cha chupa. Akaishika ile nyeusi, akamwelekezea mama yake aonyeshe inavyokamata uso. Kailash akavuta shali hadi puani.

"Sachin, toa hiyo."

"Mummy hapendi kamera. Miaka arobaini kwa duka ya kamera, na picha ya uso yake hatuna hata moja."

Munyiva aliliona lile shali lilivyopanda. Hivyo ndivyo mashangazi wa Muthangari watakavyofanya. Akauliza, "Ipi haizimi?"

"Zote haziwezi zima, betri ikijaa."

"Naomba tuziwashe zote tatu kwa pamoja. Ubora uleule. Tuziache."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zijizime."

Sachin alimtazama kama mtu aliyeombwa kuchemsha mawe. Wateja wake huzungusha kamera mikononi, hujipiga picha moja, huuliza bei ya mwisho. Lakini duka lilikuwa tupu, na jambo lenyewe lilianza kumwasha hata yeye. Akapachika betri zilizojaa. Munyiva akazipanga zikielekea benchi la wateja, akamketisha Mama Milcah hapo, maana uso wake ni mweusi wa kupendeza na kamera nyingine huufanya kivuli kitupu. Kisha akamgeukia Kailash.

"Mama, zitaona benchi hili. Ni sawa?"

"Mimi sitakuwa hapo," Kailash alisema, akakisogeza kigoda nyuma ya kamera.

Vitufe vitatu vikabonyezwa, sekunde zikaanza kukimbia.

Dakika tano za kwanza watu walikaa kama wako kliniki. Dakika ya kumi Ogutu, mchonga mihuri wa chini, alipanda kutafuta chenji, akauliza ni nini hiki, na alipoambiwa hakushuka tena.

"Mimi niko na hii ya fedha," Ogutu akasema. "Iko na uso ya mshindi."

"Nyeusi," Mama Milcah akajibu kutoka benchini bila kugeuza shingo. "Mimi siachi nyeusi."

"Hiyo ndogo je?"

"Hiyo ni ya kupima macho."

Sachin naye akawa upande wa fedha, kwa kuwa ndiyo ya bei. Munyiva hakushika upande. Alisimama mikono nyuma, akisoma vioo vitatu kama mtu anayelinda maziwa yasifurike.

Dakika ya kumi na tisa alama ndogo ya kipimajoto ikatokea kwenye ile ya fedha. Munyiva akaigusa mgongo: moto, kama mkaa uliofunikwa jivu. "Sachin, hii inaumwa." Kabla Sachin hajainama kutazama, kioo kikazima. Ogutu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Imekula pesa yangu."

"Pesa gani, hujaweka hata shilingi," Mama Milcah akamwambia. "Kaa chini uone wanaume waliobaki wakizeeka."

Kelele hizo ndizo zilizomwinua Kailash. Alikwenda kumimina chai, akamletea Mama Milcah kikombe, na kwa kuwa chai hainywewi peke yake akakaa kwenye benchi kando yake. Munyiva alimwona akikaa. Kamera hazikuwa zimefichwa, na taa nyekundu zilikuwa zikiwaka. Akaziacha zikimbie.

Mama Milcah, akipata sikio jipya, akaanza habari ya mbuzi. Aliisimulia yote, na mbuzi wa mara hii alikuwa mkubwa zaidi na jicho lake jekundu. Kailash alisikiliza, kikombe kimesimama njiani.

"Ya mbuzi si kitu," akasema. "Mimi kwa harusi yangu, Nakuru, ni farasi. Bwana yangu nakuja juu ya farasi, mziki, watu wote. Mlango tumeweka maua, kamba mrefu hivi. Farasi nafika, nasimama, nakula."

"Anakula nini?"

"Maua! Yote! Bwana yangu navuta kamba, farasi navuta maua, mama mkwe napiga kelele. Mimi niko ndani, nachungulia, nacheka mpaka tumbo nauma."

"Na picha iko?"

"Picha." Kailash akaweka kikombe chini. "Mpiga picha nasema, bibi harusi angalia chini. Siku nzima, angalia chini. Leo ukifungua albamu unaona nywele yangu. Kurasa ya kwanza, nywele. Kurasa ya mwisho, nywele."

Mama Milcah akapiga goti lake kwa kiganja, na wote wawili wakacheka, wakiegemeana mabega, Kailash akiigiza farasi kwa meno. Shali lilikuwa limeteremka hadi mabegani bila yeye kujua.

Ile nyeusi ikazima katikati ya kicheko hicho. Haikuwa na joto wala alama. Ilikata tu, kama mtu aliyemaliza zamu. Sachin akaitazama saa. Dakika ishirini na tisa na ushee.

"Hata mimi sikujua," akakiri. "Hii imewekewa kipimo tangu kiwandani. Ikifika hapo unaanza upya."

"Basi ndiyo hiyo ya Gerishon," Munyiva akasema polepole. "Si mbuzi, Mama Milcah. Ni dakika."

Mama Milcah akaikodolea macho ile nyeusi yake iliyomwangusha. "Dakika, dakika. Na mbuzi alijuaje dakika?"

Lakini macho yote yalikuwa kwa ile ya kupima macho. Arobaini. Arobaini na tano. Ogutu sasa alikuwa akihesabu kwa sauti, na wateja wawili waliopanda kutafuta chaja walisimama mlangoni wakihesabu naye bila kujua ni kwa nini. Ilipogonga saa nzima, betri bado ikiwa na robo, Sachin akapiga kaunta kwa ngumi na Ogutu akamkumbatia Munyiva kama vile ndiye aliyekimbia.

Munyiva akailipia ile ndogo pamoja na betri ya pili. Kisha akafungua video. Kamera ilikuwa imefuata nyuso mbili, ikiruka kwa huyu na kurudi kwa yule. Weusi wa Mama Milcah ulikuwa weusi wake mwenyewe, si kivuli. Kailash naye hakupauka kwa mwanga wa dirisha. Na hapo katikati, karibu na dakika ya ishirini na nane, mwanamke wa makamo alikuwa akicheka kichwa kimerudi nyuma, macho hayako chini.

Saa ilikuwa kumi na moja kasorobo. Hadi Muthangari, kwa foleni ya Ijumaa, muda ulikuwa finyu. Kitu alichotaka Fatema kilikuwa kiganjani mwa Munyiva, lakini hakikuwa chake bado.

Akazunguka kaunta, akamwonyesha Kailash kioo kile kidogo, akamwachia akishike mwenyewe.

Kailash akatazama. Mkono ukapanda kutafuta shali, ukalikuta mabegani, ukabaki hapo.

"Mama," Munyiva akasema, "ukitaka nifute, nafuta sasa hivi mbele yako. Lakini kuna mama mmoja anaoza binti Jumapili. Anataka kujua kama mimi naweza kukaa kwa chumba ya wanawake na wasiangalie chini. Sina kitu kingine cha kumwonyesha. Naomba nimwonyeshe hii. Yeye peke yake."

Mama Milcah alifungua mdomo kusaidia, Munyiva akamgusa mkono. Sachin aliacha kufunga boksi.

Kailash hakuinua macho. Alikisogeza kioo karibu zaidi na uso, kidole kikapapasa, akairudisha nyuma hadi pale farasi anapofika mlangoni. "Onyesha yeye kutoka hapa," akasema.