Kumi za Mkono Uliofungwa

Kwenye meza yetu ya mahjong, mchezo wa kete wa watu wanne, aliyekuwa akihesabu ni mume wangu Tetsuro, na kwa sababu hiyo wenzetu walimwita Mwalimu. Sheria inamtaka aliyeshinda ataje alama zake mwenyewe, lakini sisi tulishazoea uvivu. Mtu akishinda, analaza kete zake wazi, anageuza shingo na kuuliza, "Mwalimu, ni ngapi?" Tetsuro anazitupia jicho mara moja na kutaja, na vijiti vya alama vinahama mkono. Ndivyo ilivyokuwa kila Alhamisi mchana katika jumba la mtaa, chini ya lile tangazo la kukataza kamari, pombe na sigara.

Kucheza si kazi. Kazi ni kuhesabu. Kila kundi la kete lina alama zake ndogo, namna ulivyoshinda ina zake, unajumlisha zote na kupandisha hadi kumi inayofuata, halafu kila sifa ya mkono wako inazidisha mara mbili. Kinuyo, msusi mstaafu mwenye nywele alizozipaka zambarau, amecheza tangu usichana wake bila kujifunza hesabu hiyo. Ozaki, muuza tofu ya maharage ya soya, husema kichwa chake kimejaa maharage na hakuna pa kuweka kitu kingine. Mimi niliingizwa mezani mwaka jana tu, baada ya mwenzao wa nne kuhamia Osaka kwa mwanawe, na niliingia kwa kunung'unika.

Kisha majira ya baridi Tetsuro akapigwa kiharusi. Kidogo, alisema daktari, kana kwamba kuna kiharusi cha kupimwa kwa kijiko. Maneno yalirudi yote, mkono wa kushoto ukarudi nusu. Lakini daktari alipomwambia atoe saba kwenye mia, kisha aendelee kutoa saba, alisema tisini na tatu, akasema themanini na sita, akaishia hapo. Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote bila kuchelewa aliangalia dirishani akisubiri namba ije, na namba haikuja.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani alisema neno moja tu kuhusu jambo hilo. "Siku nikiwahesabia watu vibaya, siendi tena."

Nilimjua. Akisema haendi, haendi. Na nilijua kitakachofuata, kwa sababu kaka yake Noboru aliacha kila kitu namna hiyohiyo: akaacha bustani, akaacha kuoga maji ya moto na wenzake, akakaa mbele ya televisheni na miguu ndani ya blanketi. Alikuwa mzima alipokaa hapo. Tulimzika kabla ya mpunga kuvunwa.

Basi mimi, niliyechukia hesabu tangu shule, nikaanza kujifunza alama za mahjong jikoni, kwa siri, huku mchuzi wa miso ukichemka hadi kuharibika. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa naogopa tu, na nilitaka nijue mapema kuliko yeye siku mambo yatakapoharibika.

Majira ya kuchipua alirudi mezani. Alhamisi hizo zilinila. Kila mtu aliyeshinda alinipasua moyo, hata nikawa naombea mikono isiyo na mshindi, ombi la kijinga kwa mtu anayecheza. Kinuyo analaza kete, Ozaki anageuza shingo, "Mwalimu, ni ngapi?", na mimi nahesabu kimya nikiwa nimeuma meno. Tetsuro alichukua muda kuliko zamani, lakini alipotaja, ilikuwa sawa. Wiki baada ya wiki ilikuwa sawa. Nikaanza kujiona mpumbavu.

Alhamisi ile ilikuwa inanyesha. Kinuyo alikuwa ameshatangaza kwamba amebakiza kete moja, akakaa anasubiri huku akitafuna mochi wake, kitumbua cha mchele, na Ozaki, ambaye hajawahi kuogopa tangazo la mtu, akatupa tatu ya mianzi katikati ya meza.

"Hiyo hiyo," alisema Kinuyo, akalaza mkono wake.

Ulikuwa mkono uliofungwa, hajachukua kete hata moja ya mtu hadi hiyo ya mwisho. Ndani yake mlikuwa na kete tatu za uso mweupe, na kete moja ya bahati. Niliuona na nikaanza. Ishirini za kuanzia. Nane za uso mweupe. Mbili kwa kusubiri pembeni, moja na mbili zikiitaka tatu. Na kumi za kushinda kwa kete ya mwenzako mkono ukiwa umefungwa. Arobaini. Sifa tatu: tangazo, uso mweupe, bahati. Elfu tano na mia mbili.

"Mwalimu, ni ngapi?" aliuliza Ozaki, ambaye ndiye wa kulipa.

Tetsuro aliangalia. Kidole chake kilipita juu ya kete tatu nyeupe, kikapita kwenye moja na mbili, kikasimama. Mvua ilikuwa inapiga bati la banda la baiskeli. Nilitaka kikombe kianguke, simu iite, tetemeko lipite, chochote.

"Elfu tatu na mia tisa," alisema.

Alizisahau zile kumi. Thelathini badala ya arobaini. Sauti yake ilikuwa imara kama siku zote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu hakuwa na shaka hata chembe.

Ozaki alifurahi. Nilimwangalia Kinuyo, na hapo ndipo nikaona: midomo yake ilikuwa inatembea. Vidole vyake vilikuwa ukingoni mwa meza vikikunjwa kimoja kimoja, vikafika mwisho, vikasimama. Mwanamke huyu asiyejua kuhesabu alikuwa amehesabu. Aliinua macho yakakutana na yangu, nikaelewa kwamba naye amekuwa akijifunza jikoni kwake majira yote ya baridi.

Kwenye mahjong, kilichotajwa kikikubaliwa na kete zikavurugwa, kimekwisha. Ukijipunja umejipunja, hakuna kurudi nyuma. Kinuyo alivuta vijiti vyake, akasema leo ameshiba, akazivuruga kete kwa mikono miwili haraka kuliko kawaida yake. Mimi nikainamia chai yangu. Nilimshukuru na nikamwonea haya kwa pamoja.

Tulirudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Kwenye kivuko cha reli kengele ikalia na kizuizi kikashuka. Treni ya mabehewa mawili ilipita, Tetsuro akaifuata kwa macho kama anavyofanya siku zote. Kizuizi kikainuka. Watu wakavuka. Yeye hakuvuka.

"Kinuyo alikuwa amefunga mkono," alisema.

Nilimsogezea mwavuli.

"Nilisahau kumi, Mama Nozomi."

Nikamwambia mvua inazidi, tuvuke. Ndiyo akili yote niliyokuwa nayo. Tulivuka, na njia nzima nilimwona Noboru na blanketi lake.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alimpigia Kinuyo, sauti ya simu akaifungulia nje kwa sababu sikio la kushoto halimsaidii, akamwambia kwamba mkono wake ulikuwa wa elfu tano na mia mbili, kwamba amemdhulumu, na kwamba anaomba radhi. Aliinama alipokuwa akisema hivyo, mbele ya simu, ndani ya koti lililolowa.

"Mwalimu, usinichoshe," alijibu Kinuyo. "Mimi hayo ya kumi nitayajulia wapi? Ningekuwa najua kuhesabu, ningekulisha mochi wangu bure miaka yote hii?"

Tetsuro akamuaga kwa adabu, akakata simu.

"Muongo mkubwa," alisema. "Nilimwona vidole vyake."

Basi, nikajiambia, imekwisha. Nikaingia jikoni kuosha mchele. Nilisikia kabati likifunguliwa, kisha mlio wa kete. Niliporudi alikuwa amevua koti na kuupanga mkono wa Kinuyo mezani, kete kwa kete, katikati ya mabakuli: uso mweupe tatu, kete ya bahati, moja na mbili, na ile tatu ya Ozaki imewekwa kando.

"Ni ngapi?" aliniuliza.

Hajawahi kuniuliza swali hilo. Lilikuwa swali la kuulizwa yeye. Ningeweza kusema sijui, kama Kinuyo, na uongo ulikuwa umeshafika mdomoni.

"Elfu tano na mia mbili," nilisema.

"Ulijifunza lini?"

"Ulipotoka hospitali."

"Kwa nini?"

"Kwa kuogopa, Baba Nozomi. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa."

Alikaa chini. Alizichukua zile kete tatu nyeupe kwa mkono wa kushoto, ule mbovu, moja ikamponyoka, akaiokota.

"Basi Alhamisi nikisahau kumi, nitajie," alisema. "Kabla kete hazijavurugwa. Usiangalie chai."

Nikasema nitamtajia. Alisogeza kete pembeni ili nipate pa kuweka bakuli la wali.