Pasi kwa Asiyekuwepo

Haya nimeambiwa na binti yangu wa pili, kocha wa wasichana wa mpira wa kikapu, Jumapili hii baada ya chakula cha mchana. Alijitupa kwenye kiti kirefu akaanza kusema kabla hata sijamwuliza wajukuu hawajambo.

Wiki nzima roho yake ilikuwa juu juu. Mwenyekiti wa klabu alishamwambia wazi, mbele za watu: "Kocha, Jumamosi ni nusu fainali. Tukitolewa, filimbi utaniachia." Na binti yangu kazi ile anaipenda kuliko usingizi. Wasichana wale amewalea tangu mpira ukiwazidi vichwa.

Zamani alikuwa na sheria yake: kila mtoto aliyevaa jezi acheze robo nzima ya mchezo, awe hodari awe goigoi. Sheria nzuri, lakini haileti vikombe haraka. Msimu huu akapata msichana mmoja mrefu, wenzake wanamwita Mlingoti. Ukitaka kumtazama usoni, shika kofia yako. Akishasimama chini ya kikapu, upande wa kulia, mpe mpira tu, mengine mwachie. Wakaanza kushinda. Ushindi mtamu, na mwanangu ukamlevya. Sheria ikawekwa kando, Mlingoti akawa hatoki uwanjani, na wenzake wakawa kama watumishi wa kumpelekea sahani mezani.

Jumamosi, wanafunga kamba za viatu, Mlingoti akamvuta shati.

"Kocha, leo naweza kukaa kidogo?"

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka tu. Tukifungwa wote wananiangalia mimi."

Binti yangu akayatazama yale mabega, yameshuka kama nguo zilizonyeshewa kambani. Akasema moyoni, liwalo na liwe. Robo ya kwanza akamchezesha, ya pili akamkalisha, akamwingiza Kidonge, msichana mfupi ambaye kazi yake ilikuwa kushika chupa za maji.

Sasa yule msichana anayeongoza mchezo akadunda mpira, akamhadaa mpinzani, akarusha pasi safi, ya nguvu, moja kwa moja chini ya kikapu upande wa kulia. Pasi nzuri ajabu. Ila pale hapakuwa na mtu. Mpira ukapita zake, ukamkuta mwenyekiti wa klabu anakunywa soda. Soda yote kifuani.

"Mwenyekiti, ungedaka basi!" akapiga kelele baba mmoja, uwanja ukavunjika mbavu.

Kidogo tu, msichana yule yule, pasi ile ile, pale pale. Safari hii mwenyekiti aliinama.

Kocha akaomba mapumziko mafupi, akawakusanya.

"Ulikuwa unampa nani?"

"Mlingoti."

"Mlingoti yuko wapi?"

"Si huyo hapo kwenye benchi."

"Sasa?"

"Mikono yangu, Kocha. Inakwenda yenyewe."

Wakacheka, hata Mlingoti mwenyewe. Binti yangu hakucheka. "Mama," aliniambia, "nilidhani nimewafundisha mpira, kumbe nimewafundisha anwani ya mtu mmoja."

Akapiga magoti mbele yao. "Kosa ni langu, si la mikono yako. Sikilizeni. Mpe aliye wazi. Aliye wazi arushe. Ukikosa, sikutoi."

"Nikikosa tena?" akauliza Kidonge.

"Kosa mpaka mwamuzi asinzie."

Wakarudi. Kidonge akakosa. Akakosa tena, mpira haukugusa hata chuma. Upande wa mwenyekiti wakaanza: "Mtoe huyo! Unatuchezea!" Mlingoti alikuwa palepale benchini, kiasi cha kuitwa tu. Kocha akafunga mikono nyuma ya mgongo isije nayo ikaenda yenyewe. Kidonge akarusha mara nyingine. Mpira ukazunguka kwenye chuma, ukajifikiria, ukaingia. Mama yake Kidonge alishangilia mpaka mtandio ukamdondoka.

Robo ya mwisho Mlingoti akarudi, miguu myepesi. Wapinzani watatu wakamvamia kama siafu, naye badala ya kulazimisha, akawa anawapa wenzake walioachwa wazi. Wakafukuzia, wakafukuzia, na mchezo ukaisha wamebaki nyuma kwa pointi moja.

Wametolewa. Kitumbua kimeingia mchanga. Binti yangu akavua filimbi shingoni, akamfuata mwenyekiti na shati lake la soda.

"Mzee, hii hapa."

Mwenyekiti hakunyoosha mkono. "Kombe nilikuwa nalitaka, nisikudanganye. Hata shati langu nilikuwa nalitaka." Akawatazama watoto wanavyosukumana kwenye chupa za maji. "Lakini mwakani Mlingoti anapanda kundi la wakubwa. Usiku nalala nawaza tutabaki na nani. Yule mfupi anaitwaje?"

"Kidonge."

"Miezi yote hii nilijua ni mtoto wa jirani tu, amekuja kushika chupa." Akakohoa. "Vaa filimbi yako. Na ile sheria yako ya zamani irudishe. Ila kushinda nako tusikuache, Kocha, usije ukanielewa vibaya."

"Nimekuelewa, mzee."

"Mama, niliirudisha filimbi shingoni," akaniambia. "Nilikaa chini palepale, watu wakadhani nalia. Wala! Nilikuwa napumua tu. Nimesahau lini mara ya mwisho nilipumua hivyo." Njiani kurudi, Mlingoti alilala kwenye bega la Kidonge, na bega lenyewe halikutosha, kichwa kikawa kinateleza, Kidonge anakirudisha kwa mkono.

Nikamwuliza, "Na huyo Mlingoti, atakubali kukaa kukaa?"

"Mama, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Anasema kumbe benchini kuna upepo. Jumatatu nataka nimfundishe kudunda, maana huko kwa wakubwa atakuta warefu wenzake. Na wale wadogo wote, kila mmoja ata..."

Nikangoja. Nikageuka kumtazama. Kichwa kilikuwa kimeangukia mkono wa kiti, mdomo wazi, anakoroma taratibu. Nikapunguza redio.