Ng'ombe Aliyetembea Juu ya Ukungu

"Haki ya Mungu, hii yote ni kweli! Mukinikamata na uongo hata wa ukubwa wa kiroboto, Bibiche anipe kazi anayotaka!"

Hivyo ndivyo Mzee Soudi, mstaafu wa reli, alivyoapa kwenye kibanda cha chai cha Bibiche, mtaani Alunguli. Gédéon, aliyekaa mwisho wa ubao, akafumba macho. Uchovu wake haukuwa wa kuisha kwa kulala. Zaidi ya miaka ishirini tangu ateremke kutoka milima ya Itombwe na ng'ombe zake, vita ikimfuata kisogoni, miguu yake bado haijaamini kwamba imefika. Leo amebaki na jike mmoja. Safari ile alimsimulia Soudi mara moja tu. Sasa imekuwa ya Soudi.

"Kule juu," mzee aliendelea, "baridi inauma mpaka unamwonea ng'ombe wivu wa ngozi yake. Majani yakiisha, tunahama. Siku askari walipochoma malisho, tukashuka ndani ya ukungu. Ukungu wa kukatwa na panga! Ng'ombe wangu Bihogo akapita ukingo wa bonde, akaendelea kutembea, juu ya ukungu hivi. Asubuhi akarudi mwenyewe, amekonda, maana juu ya ukungu majani hayaoti."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Gédéon hakucheka. Bihogo hakurudi mwenyewe. Ismaël, mdogo wake Gédéon, ndiye aliyemfuata na kumsukuma mpaka njiani, kisha akarudi kutafuta ndama wake. Ndama hakuonekana tena. Ismaël naye. Gédéon aliita mpaka sauti ikakauka, halafu akaondoka, kwa sababu risasi zilikuwa zinakaribia na watoto wanalia. Hakuwa na neno na vichekesho vya mzee. Alitaka kitu kimoja: Ismaël awemo ndani ya hadithi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kumtaja.

"Na ng'ombe zote zilifika?" Bibiche akauliza.

"Zote! Nilizihesabu mwenyewe: arobaini na saba, Bihogo mbele."

Gédéon akafumbua macho. "Ulizihesabu na nini, Mzee?"

"Na kidole, mwanangu. Na nini tena?"

"Muntu wa kule hahesabu ngombe. Ni mukosi. Anaziangalia tu, anajua nani hayuko."

Soudi akachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mlango wa kutokea.

"Mzee," Bibiche akasema polepole, "weye kule mulimani ulifika lini?"

"Miye? Miye nilifika... Kongolo tu, kwenye kituo cha reli. Reli haipande mulima, mama."

"Kumbe! Chukua panga basi. Ukamukatie Gédéon majani ya ngombe wake."

Wawili hao wakaenda kando ya mto Lualaba. Soudi aliinama, akakata, akasimama akishika kiuno, akihema kama garimoshi bovu.

"Gédéon. Uliposema nani hayuko... nani?"

"Mudogo wangu. Ismaël."

Mzee akashusha panga. "Kesho nitamutia ndani ya hadithi."

"Umutie vile alivyokuwa. Usimutembeze juu ya ukungu."

"Alikuwa namna gani?"

Gédéon akajishusha juu ya majani yaliyokatwa, akanyoosha miguu.

"Muvivu," akasema. "Muvivu sana. Ni siku ile tu ndiyo alikimbia, kumufuata Bihogo."

Soudi akainama tena, akakata.