Dakika Thelathini na Nne

Léoncie alikuwa fundi cherehani wa Juru, kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Alidarizi shingo za kanzu na vitambaa vya kwaya. Cherehani yake ilipokea michoro ya maua kutoka kwenye kompyuta, kwa programu isiyokubali ila Windows ya zamani. Kompyuta ilipogoma kuwaka, aliibeba hadi Mbarara kwa Ashiraf, fundi mwenye kibanda Kamukuzi.

Ashiraf aliifungua, akamweleza kwamba diski imekufa na michoro yote imekwenda nayo. Léoncie akauliza kama mashine yenyewe itapona. Ashiraf alifunga diski nyingine, akaingiza CD ya Windows, kazi ikaanza.

Skrini iliandika kwamba zimebaki dakika thelathini na nne, ikaganda hapo. Wakangoja saa nzima. Ashiraf akaanza upya, ikaganda palepale. Akaleta CD nyingine, akabadilisha memori, akaanza mara ya tatu. Haikupungua hata dakika moja.

Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, Ashiraf aligeuza mashine. Nyuma yake kilikuwa kimechomekwa kidude cheusi kama flashi, kimekazwa kwa uzi mwekundu.

“Nyabo,” alimwita kwa heshima, “hiki ni nini?”

Léoncie alieleza kwamba ni ufunguo wa programu. Bila hicho haifunguki. Laurent, marehemu mume wake, ndiye aliyekifunga hapo.

“Bwana yangu alisemaka kisitoke hapo hata siku moja.”

Ashiraf alisema huenda Windows inakwama hapo inapokagua vifaa vilivyochomekwa. Lakini hakukigusa. Alimsogezea mkasi.

Léoncie aliuchukua mkasi. Alikata uzi, akachomoa kidude, akakifumbata. Ashiraf akaanza mara ya nne. Thelathini na nne ilikaa muda mrefu, hata Léoncie akaangalia pembeni. Alipogeuka, ilikuwa thelathini na moja.

Alasiri waliweka programu upya, wakarudisha kidude, nayo ikafunguka. Folda ya michoro ilikuwa tupu. Ashiraf aliuliza kama hakuweka nakala mahali. Hakuweka. Laurent ndiye aliyekuwa akichora. Yeye alishona tu.

“Basi atachora nani sasa?” Ashiraf aliuliza.

“Miye,” alisema Léoncie.

Alishika kipanya, akajaribu kuchora jani la mharagwe. Lilitoka limepinda. Alilihifadhi hivyo hivyo, kisha akamwomba Ashiraf amwonyeshe namna ya kuweka nakala.