Mpiga Ngoma wa Sitini

Kaka yangu alikuwa na askari hamsini na tisa wa plastiki laini, kila mmoja mrefu kama kidole gumba, na wote aliwapaka rangi kwa mkono wake. Aliyebaki alikuwa mpiga ngoma, wa sitini. Jumatatu kaka angefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto, ndilo pekee lililokuwa bado linaona, na hata hilo liliona ukungu mtupu. Daktari hakumficha: linaweza kupona, linaweza pia kuzimika kabisa.

"Basi namaliza kabla ya Jumatatu," kaka alisema, kama anayemjibu mtu aliyemtukana. "Mwenyewe."

"Mwenyewe kwa macho yapi?"

"Wewe Sindano utaandaa. Brashi nashika mimi."

Mimi ni fundi cherehani, yeye alikuwa fundi saa, kubembelezana hatukufundishwa. Nikaandaa.

Plastiki laini inatia hasira. Ukiukwangua mshono ulioachwa na kalibu wanamomiminwa kiwandani, haukatiki, unafumuka nyuzinyuzi. Fimbo za ngoma zilikuwa zimepinda, nikazichovya kwenye maji ya moto, nikazinyoosha, halafu haraka kwenye maji baridi ili zisirudi. Kaka aliniambia pia nimsugue askari kwa sabuni na mswaki, eti plastiki hutoka kalibuni na mafuta. Nikaona ananitania. Tangu lini mwanasesere akaoga? Nikampaka rangi ya msingi, nikamkabidhi.

Siku mbili nzima kaka alikaa dirishani, pua karibu iguse brashi, akipaka koti jekundu nusu kwa kuona, nusu kwa kupapasa. Jumapili asubuhi nikamwinua mpiga ngoma nifute meza. Mkono wake ukapinda kidogo tu, na rangi ikabanduka kama ganda la yai, kuanzia begani hadi kiunoni. Kaka alikuwa bafuni, anaimba.

Rangi ilikuwepo mezani, brashi pia. Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Robo saa ingenitosha kuziba kila kitu, tena vizuri kuliko yeye, na asingejua kamwe. Nikachovya brashi. Nikaishika hivyo hivyo mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye nywele za brashi, na kaka anaendelea kuimba kwa raha zake.

"Kaka!" nikaita. "Sikumwosha!"

Wimbo ukakatika. Akatoka na povu sikioni, akaniita majina ambayo mama angemchapa kwayo. Nikayapokea yote kwa sababu yalikuwa yangu.

"Haya," akasema alipoishiwa. "Sabuni iko wapi?"

Tukambandua kwa kucha, tukamsugua kila kikunjo, tukamkausha kwa feni. Rangi ya msingi ikakauka saa sita mchana. Kaka akaanza upya, koti, ngoma, viatu, hakuinuka hata kunywa maji. Uso aliuacha mwisho. Nilikaa pembeni nimekalia mikono yangu miwili isije ikajipeleka yenyewe. Nililiona jicho la askari likitua shavuni. Nikauma ulimi, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Vipi?" akauliza.

"Ni wako," nikasema. "Kuanzia kofia mpaka viatu."

Akacheka, akaweka brashi chini. Jua lilikuwa linaondoka dirishani.

Jumanne bandeji ikatolewa. Nesi akamwambia afumbue polepole, asilazimishe. Nikamtoa mpiga ngoma kwenye mkoba, nikamweka kiganjani mwa kaka. Akamgeuzia upande wa dirisha. Akamsogeza karibu na pua, akamrudisha mbali.

"Sindano," akasema, "mjinga gani amempaka huyu jicho shavuni?"

Nikakaa sakafuni pale pale, nikalia kama mtoto, mpaka nesi akaniletea kiti.

"Wewe," nikamwambia. "Ni wewe, mjinga wangu."